Kimeza cha Mapajani

Mwita mwanangu,

Usifunue shuka kwanza. Nimemwambia dada yako Ghati akupe karatasi hizi pamoja na chai, na akukataze kugusa paja lako mpaka umalize kusoma. Najua utamkasirikia. Mkasirikie, lakini soma.

Mambo ya sabuni, ya dawa, ya kupiga simu ukifika Mwanza na ya kutomwazima kila mtu chaja yako, mama yako amekwisha kuyasema tangu juzi na sitayarudia. Hata ningejaribu, angesema nimeyakosea. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile doa.

Tumeliona jioni hii wageni walipokwisha kuondoka. Doa la ukubwa wa kisahani cha chai juu ya paja lako la kushoto, ngozi imekuwa nyeusi zaidi na inang'aa. Ghati aliweka mgongo wa mkono kama nesi alivyomfundisha, akahamia paja la kulia, akarudi, akasema, "Huku pana joto kuliko kule." Mama yako akatoka kwenda kuangalia moto jikoni, na moto wenyewe ulikuwa umezimwa zamani.

Unakumbuka alivyosema yule nesi wa zahanati mwaka jana, kwamba kuungua kwa namna hii hakusemi ukweli siku ile ile. Usiku ukipita, ngozi ikapoa na kulainika, ujue umenusurika. Asubuhi ukikuta lengelenge, au pamekuwa pagumu, hicho ni kidonda, na mtu mwenye kidonda kama hicho hakai kwenye gari siku nzima. Marwa atafika na gari lake mapema. Chuo nacho kimeshakusubiri mwaka mzima, na wiki hii ndiyo ya mwisho. Usipofika, nafasi yako anapewa mwingine. Kwa hiyo sote humu ndani tunaisubiri ngozi yako ituambie kama unakwenda au huendi. Na aliyeiunguza ni mimi.

Nitafika huko. Nianzie mbali kidogo, maana jambo hili halikuanza leo.

Babu yako, baba yangu mzazi, alikanyaga jembe la plau siku moja kabla ya safari ya Nyansurura, kupeleka ng'ombe wa mahari ya baba yako mkubwa. Jembe lilimpasua kisigino. Alifunga kitambaa, akavaa katambuga zake za tairi, akatembea nyuma ya ng'ombe mpaka wakafika. Aliporudi hapa Susuni taya lake lilikuwa limekaza, hawezi hata kumeza maji. Pepopunda. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka matanga yake kuliko ninavyomkumbuka yeye mwenyewe. Wazee walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema, "Mwanaume huyu hakulalamika. Damu imejaa kwenye katambuga na yeye anaimba." Nikajisikia mwana wa mtu. Nilitembea kijijini kifua mbele, mtoto mdogo aliyefiwa, kwa sababu baba yangu hakulalamika. Hakuna hata mmoja aliyesimama akasema kwamba angesema mapema angekuwa amekaa nasi pale.

Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na ndiyo niliyokusomesha. Siku ya tohara yako hukupepesa hata kope. Nilirudi nyumbani rungu begani, nikiimba kwa sauti mbaya ambayo mama yako ananicheka nayo mpaka leo. Sijutii siku ile. Ila nilidhani kutokusikia maumivu ni kitu ambacho mtu akishakipata kitamfaa maisha yote.

Halafu ikaja ile ajali ya pikipiki kwenye tope la darajani. Ulirudi kutoka hospitali ukiwa kwenye kiti cha magurudumu, na miguu unayoiona lakini haikuambii kitu. Daktari alitueleza kwamba kuanzia kiunoni kushuka chini hutasikia baridi wala moto. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa. Niliyasikia maneno tu.

Mjomba wako wa Migori akakuletea laptopu yake ya zamani, nawe ukafufuka. Meza zetu zote zilikuwa zinagonga mikono ya kiti kabla hujazifikia, ukawa unaiweka mapajani. Mama yako, kwa mapenzi yake, akakuwekea mto chini yake ili isikuumize. Hakuna aliyejua kwamba kitu kile kinapumulia kwa chini, na kwamba mto ule ulikuwa unakiziba pua. Feni yake ilikuwa inavuma kama mtu mwenye pumu, nasi tukasema ni mashine ya kizee.

Siku moja nilitoka shambani nikakukuta umeinamia kazi yako, mto umeshaanguka sakafuni na hakuna aliyeuokota. Nikashika ile kompyuta ili nikusogeze kivulini. Nikaondoa mkono haraka.

"We mura, kijana wangu, hiki kitu hakikuchomi?"

"Sisikii kitu, tata."

Nikacheka. Nikakupiga bega nikasema, "Huyo ndiye mwanaume!"

Mwita, nimesema maneno mengi ya hovyo maishani mwangu. Nimewatukana ng'ombe, nimewatukana shemeji zangu, na wengine walistahili. Lakini kama ningepewa ruhusa ya kurudisha kinywani sentensi moja tu, ningerudisha hiyo. Nyama yako ilikuwa inaiva mbele yangu, nami nikakusifu.

Ghati ndiye aliyeona, suruali iligandamana na paja na haikutoka hata kwa maji. Kule zahanati nesi alikisafisha kidonda, alipomaliza akanigeukia.

"Baba, unalima kwa ng'ombe?"

"Nalima."

"Jioni ukiwafungua nira, unafanya nini?"

"Nawakagua shingo, nisije nikawafunga na michubuko."

"Na huyu?"

Nilitaka kumwambia achunge mdomo wake, mimi si rika lake. Nikaangalia chini. Mimi ndiye ninayechonga nira za kijiji kizima, watu wanatoka mpaka mto wa pili kunifuata kwa sababu nira yangu haichubui. Kila jioni nilipitisha kiganja kwenye shingo za maksai wawili, nikaingia ndani, nikapita mbele ya mwanangu nikakaa kula ugali.

Kidonda kile kilikula msimu mzima. Wenzako wakaenda chuo, wewe ukabaki umelala chali ukihesabu mabati ya paa. Mama yako alipona hasira mapema kuliko mimi. Mimi nilikuwa namkasirikia nesi, namkasirikia mjomba wako na laptopu yake, halafu nakwenda nyuma ya zizi kumalizia hasira kwenye kuni.

Ndipo nikasema nitakutengenezea kimeza cha mapajani. Nilikuwa najiamini. Nilichukua gogo la mkaratusi lililobaki kwenye nira, nikalichonga kwa tezo, chini nikalipinda lifuate mapaja kama nira inavyofuata shingo. Juu nikapigilia kipande cha ngozi ya ng'ombe na manyoya yake, eti iwe laini. Kilipendeza. Unakumbuka kilivyokuwa kizito? Ghati alikibeba kwa mikono miwili kama anabeba sufuria la pilau. Ngozi ya ng'ombe ikashika joto kuliko ule mto. Kompyuta ikajizimia yenyewe katikati ya kazi yako, na kimeza tulipokiinua tukakuta mistari imejichora kwenye mapaja yote mawili. "Baba, hapa pamebonyea," alisema Ghati, akaangalia pembeni.

Nikaona haya, na mimi nikiona haya huwa natoa amri. Nikasema kuanzia siku hiyo tutakukagua kila jioni, utake usitake, kama maksai.

"Baba, mimi si ng'ombe!"

Ulikisukuma kile kimeza kikaanguka kikapasuka. Halafu ukasema kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyonitisha, "Niacheni. Nitakaa nyumbani. Chuo wachukue wengine." Ukajifungia siku nzima. Mama yako akakaa nje ya mlango wako na kunde zake akizichambua, kunde zilizokwisha kuchambuliwa. Niliogopa siku ile, Mwita. Hata siku ya pikipiki sikuogopa vile, maana siku ya pikipiki ulikuwa unataka kuishi.

Nilikwenda zizini nikasimama na wale maksai. Ng'ombe akichubuka hukwambia: unamletea nira anatikisa shingo, anarudi nyuma, anakukanyaga mguu. Wewe paja lako halitikisiki. Na mimi niliyejaliwa kusikia sikujua hata hicho kitu kina moto kiasi gani. Nilikuwa najenga nyumba ya mtu bila kuuliza kama ni mrefu au mfupi.

Jumapili iliyofuata mama yako alipokupeleka kanisani, nikakaa kwenye kigoda, nikakunja suruali mpaka juu, nikaiweka laptopu kwenye mapaja matupu juu ya ule mto wa zamani, Ghati akanifungulia ile mipira yenu ya kwenye sinema. Nikaapa nitavumilia kama siku ya tohara yangu. Nikavumilia. Nikauona mto unanizuia kujua, nikauvuta nikautupa. Ukaja moto wa yale matundu yake ya chini moja kwa moja kwenye ngozi. Nikauma meno. Nikafikiria babu yako na katambuga zake. Halafu nikapiga yowe.

Na wewe unajua yowe la hapa kwetu ni nini. Mtu hapigi yowe kwa sababu amejikwaa. Likipigwa, anayekula anaacha ugali, anayenyolewa anatoka na nusu kichwa, kila mmoja anachukua alicho nacho na kukimbia linakotoka, maana ng'ombe wameibwa. Kabla sijapoa, uwanja umejaa watu, marungu, mapanga, na mzee mmoja na upinde wake.

"Wameelekea wapi?"

"Ng'ombe wangapi?"

Nami nimesimama, suruali imekunjwa, nimeshika paja, na nyuma yangu watu wanacheza mpira kwenye kioo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Walicheka mpaka yule mzee wa upinde akakaa chini. Mkarudi kutoka kanisani mkawakuta bado wapo. Ghati akakueleza kwa nini nilifanya vile. Uliliangalia lile paja langu jekundu, nikadhani utanigombeza. Ukaniuliza, "Inachoma, eh?"

"Inachoma, mwanangu. Inachoma vibaya sana."

Ukacheka. Mama yako aligeukia ukuta alipokusikia, akajifanya anatafuta funguo.

Kimeza hiki cha sasa tulikitengeneza pamoja, na sitasahau ulivyonisumbua. Wewe ulipima, mimi nikakata. Uliikataa mbao yangu, ukataka plaiwudi nyembamba. Ukataka matundu, nikatoboa mpaka mkono ukafa ganzi, ukataka mengine. Wewe ndiye uliyesema kisikanyage mapaja kabisa, kisimame kwa miguu yake pembeni, kwenye godoro la kiti, kama daraja juu ya mto. Mimi nikaongeza mpira wa tyubu chini kisiteleze, na ukingo mbele kompyuta isikukimbie. Ghati alipitisha mkono wake katikati ya kimeza na paja lako akauacha pale muda wote ulipokuwa unafanya kazi, akasema anasikia upepo tu. Ndipo ukaandika tena chuoni kuomba nafasi yako. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza na kushukuru.

Sasa tufike leo.

Wazee wamekuja kukuaga. Wamekula, wameshiba, mmoja akauliza eti Mwita atasomaje huko bila meza. Nikapata la kujisifia. Nikaja nikakiondoa kimeza, kompyuta nikakuwekea mapajani, nayo ilikuwa inawaka tangu asubuhi ikiwa kwenye umeme. Nikakizungusha kimeza mkono kwa mkono. Nikaeleza kila tundu. Nikaeleza tyubu. Nikasimulia yowe upya, wakacheka upya, nikanogewa. Katikati ya hayo uliniangalia mara moja. Nililiona jicho lile, nikadhani unajivunia baba yako.

Ulikuwa unajua, Mwita. Si kwa paja, kwa akili. Ulijua kile kitu kina moto na kwamba kimekulalia bila kinga. Neno moja tu, "Baba, nirudishie," na wazee wangenicheka kidogo na yangeisha. Jioni nilipokuuliza kwa nini hukusema, ulijibu, "Ulikuwa unafurahi, tata."

Nimekaa na jibu hilo tangu ulipolala. Nilidhani tatizo letu lilikuwa mbao, na ngozi, na matundu. Kumbe kimeza nilikirekebisha, lakini nilichokufundisha kabla ya kimeza bado kimo. Uliungua kwa adabu, mbele ya macho yangu, ili usinikatize. Nimeona aibu na nimeona uchungu, na nimekuwa na hasira nawe pia, nisikufiche, kisha nikajionea hasira mimi. Babu yako anaimba, damu imejaa kwenye katambuga, na watu wanapiga makofi. Mpiga makofi leo nilikuwa mimi.

Huko unakokwenda, ukienda, utakaa chumba kimoja na kijana usiyemjua. Itakubidi umwambie, "Ndugu yangu, nitazamie hapa nyuma ninapokalia, ambapo mimi sipaoni, kisha weka mgongo wa mkono uniambie kama pana joto." Najua ni ngumu. Kwangu mimi ingekuwa ngumu kuliko kisu cha tohara, na sikutanii. Utatamani kungoja mpaka mzoeane. Utasema leo nimechoka, kesho. Darasani watakuazimia meza, mtu atakiondoa kimeza kwa wema tu, kama mimi, nawe hutataka kuharibu furaha yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi yako alikuwa akisema hivyo, na alikuwa na haki ya kusema, yeye ndiye aliyezika.

Lakini fikiria lile yowe langu. Watu waliacha chakula chao wakaja, wakakuta mzee mzima amejichoma kwa kompyuta. Walicheka, ndiyo. Hakuna aliyesema safari nyingine hatakuja. Nikipiga kesho, watakuja na marungu yao yale yale. Ndivyo tulivyo, na hilo nalo ni la kwetu, la zamani kama tohara. Sijui kwa nini nilikufundisha lile moja nikaacha hili.

Basi. Chai imepoa, nakujua. Sasa funua shuka, wewe mwenyewe. Weka mgongo wa mkono. Bonyeza. Linganisha na paja la pili. Nimewakataza mama yako na Ghati wasikusogelee, nao wamenikubalia kwa shida. Mimi mwenyewe sitakuwepo humo ndani, maana ukiniona utaanza kusoma uso wangu kabla hujaangalia ngozi yako. Nitakuwa zizini na wale maksai.

Kama pamepoa na pamelainika, mtoe Marwa wasiwasi, mwambie apakie kiti. Kama kuna lengelenge, au pagumu, au hujui, na hata kama unajua kwamba chuo hakitasubiri tena, sema. Nafasi ikipotea itaniuma, nitalia, nami sitajificha nyuma ya kuni kulia. Kisha tutaanza upya kutafuta nyingine. Usininyamazie tena ili nifurahi. Furaha ya namna hiyo siitaki nyumbani kwangu.

Lolote utakaloliona hapo, zuri au baya, usimtume Ghati. Piga yowe. Nitalisikia kutoka zizini, nami nitakuja mbio. Majirani nao wakija na marungu yao, waache waje.

Baba yako